Punda Milia wa Grevy Asije Akawa Hadithi

Mkulima wa skimu ana mambo mengi ya kumshughulisha: bei ya mbolea, mahindi yanayongoja kukaushwa, ng'ombe wa maziwa na karo ya shule. Basi wengine watauliza, kwa nini gazeti la wakulima litumie ukurasa mzima kueleza habari za mnyama wa porini ambaye hata haonekani Uasin Gishu? Swali hilo ni la haki, na lastahili jibu.

Mnyama mwenyewe ni punda milia wa Grevy. Huyu si yule punda milia wa kawaida tunayemwona njiani tukipita Naivasha. Ni mkubwa zaidi. Dume huweza kufika kilo 450. Masikio yake ni mapana na ya mviringo, milia yake ni myembamba na iko karibu karibu, na tumbo lake ni jeupe. Katika jamii yote ya farasi na punda wa porini duniani, hakuna amzidiye kwa ukubwa wa mwili. Jina la Grevy ni la Rais mmoja wa Ufaransa, ambaye mwaka 1882 alipelekewa mnyama huyu kama zawadi kutoka Uhabeshi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa kama 15,000. Leo waliosalia porini ni kama 3,000 tu. Somalia wamekwisha kabisa, na Ethiopia wamebaki wachache. Wengine wote, yaani zaidi ya tisa katika kila kumi, wako Kenya: Samburu, Isiolo, Laikipia, Marsabit na sehemu za Meru. Wakipotea hapa kwetu, wamepotea porini.

RISASI NA MAJI

Kwanza waliwindwa kwa ajili ya ngozi, maana ngozi yao ilipendwa sana ng'ambo. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na jambo hilo lilisaidia sana. Lakini risasi ilipopungua, shida nyingine iliendelea polepole, na hiyo mfugaji yeyote ataielewa mara moja. Ni shida ya nyasi na maji.

Punda milia huyu aweza kukaa hata siku tano bila kunywa. Lakini jike anyonyeshaye hawezi. Yampasa anywe kila siku au kila baada ya siku moja. Sasa kisima kikizungukwa na maboma, na mifugo ikishinda hapo mchana kutwa, yeye hungoja usiku, wakati simba na fisi nao wanangoja. Au huenda mbali kutafuta maji, na mtoto wake huchoka njiani. Tena jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 13, na huzaa mtoto mmoja tu. Kila mwenye ng'ombe ajua maana yake: kundi linalopoteza ndama kila kiangazi haliwezi kuongezeka, hata kama hakuna mtu aliyelipiga risasi.

Kisha huja ukame. Katika ule wa mwaka 2022, Serikali ilitangaza kwamba punda milia wa Grevy 49 walikufa katika muda wa miezi tisa. Kwa mnyama mwenye hesabu ndogo namna hii, hasara hiyo ni kubwa.

JE, HAWATUMALIZII NYASI?

Wako watakaosema: "Nyasi anayokula punda milia ni nyasi aliyonyimwa ng'ombe." Tusilipuuze neno hili, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Huko Mpala, katika wilaya ya zamani ya Laikipia, wataalamu walipima ng'ombe waliolishwa pamoja na wanyama wa porini na wengine waliolishwa peke yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Wakati wa kiangazi, ng'ombe waliochanganyika na wanyama wa porini walipata hasara. Lakini wakati wa mvua waliongeza uzito kuliko wenzao, kwa sababu punda milia hula mabua magumu yaliyokomaa, na nyasi laini zikabaki kwa ng'ombe.

Basi ugomvi si wa mwaka mzima. Ni ugomvi wa kiangazi, na kiangazi chaweza kutayarishiwa. Wafugaji wa Samburu wamekwisha kuonyesha njia. Wako wanaume na wanawake wa huko wanaoajiriwa kuwatunza na kuwahesabu wanyama hawa, na wako wanaokubali kuacha maji wazi usiku. Ni lazima tuwasifu, kwani sehemu kubwa sana ya nchi anakoishi mnyama huyu si mbuga ya Serikali. Ni malisho ya wananchi, na wenye kumlinda ni wananchi wenyewe.

SISI TUNAJUA HASARA YA KUCHELEWA

Wazee wa Soy wanakumbuka twiga. Shamba kubwa la huko lilipokuwa likigawanywa katika miaka ya 1970, watu walihitaji ardhi, na twiga hawakuweza kuishi katikati ya mahindi. Twiga wadogo walianza kupelekwa Lang'ata, Nairobi, mwaka 1974, na wengine walipelekwa Nakuru baadaye. Watu walipata mashamba, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini leo mtoto wa Soy akitaka kumwona twiga wa kwao, sharti asafiri.

Twiga wale walipata pa kwenda. Kwagga wa Afrika ya Kusini, ndugu wa punda milia, hakupata. Aliwindwa ili nyasi ziachiwe kondoo, na wa mwisho alikufa Amsterdam mwaka 1883. Farasi mwitu wa Mongolia naye alitoweka porini mwishoni mwa miaka ya 1960. Bahati yake ni kwamba wachache walikuwa wamefugwa Ulaya, na uzao wao ulianza kurudishwa kwao mwaka 1992. Hebu fikiri gharama ya kumrudisha farasi kwa ndege, halafu ulinganishe na gharama ya kumwachia maji usiku. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

KAZI YA MKULIMA WA UASIN GISHU

Mambo matatu yako katika uwezo wetu.

La kwanza ni nyasi. Wengi wetu hukata Boma Rhodes na kufunga marobota. Katika ukame, nyasi kavu zimepelekwa kaskazini kuwalisha punda milia hawa, na wafugaji wa huko nao hununua kwa ajili ya ng'ombe wao. Ng'ombe akipata robota, malisho hupumzika, na mnyama wa porini hupata tonge lake. Yafaa vyama vyetu vya ushirika viweke akiba mapema na kuiuza kwa bei ya haki, wala tusingoje mwenzetu afilisike ndipo tupandishe bei.

La pili ni chanjo. Kati ya Desemba 2005 na Machi 2006, kimeta kiliua punda milia wa Grevy zaidi ya 50 upande wa Wamba. Ugonjwa huu hauchagui ng'ombe, mnyama wa porini wala mtu. Kwa hiyo mnunuzi wa mifugo asipeleke mnyama asiyechanjwa kutoka soko moja hadi jingine. Na ng'ombe akifa ghafla, damu ikimtoka puani, usimpasue wala usimle. Mwite Bwana Mifugo mara moja.

La tatu ni kukataa. Mtu akikuletea ngozi ya punda milia, au mafuta yake akisema ni dawa, au nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi, usinunue. Kufanya hivyo ni kuvunja sheria, na pasipo mnunuzi hapana mwindaji.

Hakuna mtu anayemtaka mkulima wa skimu aache shamba lake akachunge punda milia. Analoombwa ni kufanya vizuri kazi ile ile anayoifanya sasa: akate nyasi kwa wakati, achanje ng'ombe wake na afuate sheria. Mambo haya yatamletea faida yeye mwenyewe kwanza. Na huko kaskazini, jike mmoja na mtoto wake watapata kunywa maji na kuuona mwaka mwingine. Jambo hili na lizungumzwe katika mkutano ujao wa chama, kabla kiangazi hakijafika.