Chora Ndege Mmoja Kabla Mti Wake Haujakatwa

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Nimeishi Nairobi miaka 22, na hadi mwaka jana nilikuwa najua ndege wanne tu: kuku, njiwa, kunguru na "kile kindege." Hao wengine wote walikuwa "kile kindege."

Kilichonibadilisha si mapenzi ya mazingira. Ni kioo cha simu kupasuka. Fundi alikaa nayo siku tisa, na kwa mtu anayekula kwa kuposti video, hiyo ni kama duka kufungwa. Nikawa nashinda kwa balkoni, ghorofa ya tatu, nikitazama mti wa pale magari huegeshwa. Ulikuwa umejaa kwera, wale ndege wa manjano wanaosuka viota. Nikaomba penseli na daftari kwa mtoto wa jirani, nikajaribu kuchora mmoja.

Ilitoka kama ndizi yenye macho. Mtoto alicheka hadi akaita mamake aje kuona.

Shida haikuwa mkono. Nilikuwa nachora ndege aliye kichwani mwangu, si yule aliye mbele yangu. Nikajiwekea sheria: dakika kumi za kuangalia tu, ndio penseli iguse karatasi.

Hapo ndipo nilianza kuona. Dume ndiye fundi. Anachana ukanda mrefu wa jani, anabeba kwa mdomo, anafunga kwa tawi akiwa amening'inia kichwa chini. Mlango wa kiota unaangalia chini. Kiota kibichi ni kipya, cha kahawia kimezeeka. Kisha jike anakuja kukagua. Anaingia, anavutavuta, anatoka. Asipokipenda kiota na kikianza kukauka, dume anakibomoa mwenyewe na kuanza kingine. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili nilimtazama akibomoa kazi yake, na sitasema nilichofikiria.

Simu ikarudi. Nikapiga picha 60 za huo mti kwa dakika mbili. Mpaka leo sijaziangalia. Lakini ile michoro yangu mibaya naikumbuka mstari kwa mstari. Huo ndio msimamo wangu: kamera inakubali uondoke haraka, penseli inakukatalia. Ukitaka kuchora mguu, lazima ujue mguu unakunja wapi.

Chukua wale korongo wakubwa wenye upara, wa pale Nyayo Stadium, ambao kila mtu huwatukana. Niliwachora na miguu meupe, kwa sababu ndivyo inavyoonekana. Nikatazama vizuri: chini ya huo weupe, ngozi ni nyeusi-nyeusi. Weupe ni kinyesi chao wenyewe. Wanajinyia miguuni ili majimaji yakikauka yapoze mwili. Ni uchafu, sawa. Pia ni feni isiyotumia tokeni.

Kuna mtu ataniambia hii ni hobi ya watalii na darubini zao. Zii. Hata huyo mchoraji maarufu wa ndege wa Marekani, John James Audubon, aliyetoa picha 435 kati ya 1827 na 1838, alikuwa anawapiga ndege risasi kisha anawasimamisha kwa waya ndio awachore. Wewe una ndege hai nje ya dirisha, bure. Penseli haifikii bei ya bandoli. Na ukitaka watu wa kukuonyesha, Nature Kenya wana matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi, wakianzia pale makumbusho ya taifa.

Sasa sehemu inayoniuma. Miezi michache baadaye landlodi alikata ule mti. Sababu? Ndege wanachafua magari. Nilihesabu viota 14 chini, vingine bado vibichi. Kwenye grupu ya ploti watu waliandika "asante, parking imekuwa safi." Si watu wabaya. Walipita chini ya huo mti kila siku na hawakuwahi kuuona. Mimi pia ningeandika hiyo asante, kama simu yangu haingevunjika.

Mnakumbuka ule mugumo wa Waiyaki Way, 2020, wakati Expressway inajengwa? Ulipona kwa sababu watu waliupigia kelele. Lakini huwezi kupigia kelele kitu ambacho kwako ni "kile kindege."

Sisemi mchoro utazuia msumeno. Wangu haukuzuia. Lakini ningekuwa nimemwonyesha kila mpangaji daftari langu mapema, labda tungekuwa watu kumi kwa mlango wa landlodi, si mimi peke yangu nimeshika karatasi.

Kwa hivyo wiki hii, ndege mmoja. Dakika kumi za macho, kisha chora. Ikitoka ndizi, tuma hivyo hivyo. Na umwonyeshe jirani.