Kaske ya Muziki: Tuchague Ile Isiyobana



Hapa Kipushi ukitaja kaske mbele ya muzee, yeye ataona kofia ngumu ya mugodi. Kijana wa kalasi ya tano ataona kile kitu cha kusikilia muziki, chenye vikombe viwili na upinde juu ya kichwa. Sisi wa kamati ya gazeti tunataka kusema juu ya ile ya pili. Lakini ya kwanza tutairudilia, maana watu wa mugodi walijua jambo moja ambalo vijana wengi hawajalishika bado.

Maoni yetu ni haya. Wengi hapa shuleni wanachagua kaske kwa jina lililoandikwa pembeni, kwa rangi, na kwa basi. Basi ikipiga mpaka meno yanatetemeka, wanasema: "Iyi njo kaske!" Sisi tunakataa. Kitu cha kwanza cha kuangalia ni kama utaweza kuivaa saa nzima bila kuumia. Cha pili ni kama inaziba makelele ya inje. Utamu wa sauti unakuja nyuma ya pale. Tunajua maneno haya hayatapendeza wote. Hata ndani ya kamati tulibishana sana, na mwenzetu mumoja wa basi hajakubali mpaka leo.

Sababu ni hii. Mutu mwenye ekutere ndogo, zile za bei rahisi zinazokaa mlangoni mwa sikio bila kuliziba, akipanda bisi ya kwenda Lubumbashi, hasikii wimbo wake. Mota inalia, watu wanasema kwa nguvu, shofere naye ana redio yake. Anafanya nini? Anapandisha sauti mpaka ishinde mota. Ni njia ya kilometa kama 30, na njia yote hiyo sikio linapokea mota na wimbo pamoja. Akishuka, masikio yanalia wiii. Jioni ni hivyo hivyo: gurupu ya jirani upande huu, nganda upande ule, na kijana katikati anapandisha sauti.

Shirika la Afya Duniani, lile tunaita OMS, limetoa hesabu. Sauti ya desibeli 80, mutu mukubwa anaweza kuisikiliza saa 40 kwa juma moja. Ikiwa 90, ni saa 4 tu. Ikifika 100, ni kama dakika 20 kwa juma nzima, basi imeisha. Kwa watoto wanaanzia chini zaidi, desibeli 75 kwa zile saa 40. Musifikiri tumekosea kuandika. Desibeli hazihesabiwi sawa na franka: ukiongeza 3 tu, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili na muda wako unakatwa nusu. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo, kama 15.000 kwa kila sikio, na hizo njo zinapokea sauti. Zikifa, kwa binadamu hazioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha. Kwa mwana-kwaya hiyo ni hasara kubwa, maana sauti nyembamba njo zinaanza kupotea, na atashindwa kusikia kama sopurano wameteleza.

Sasa turudi kwa mugodi. Mugodi wa Kipushi ulianza kuchimbwa mwaka 1924 wakati wa Union Minière, ukapita mikononi mwa Gécamines, ukafungwa 1993, na mwaka 2024 ukaanza tena kutoa zinki. Mashini ya kutoboa jiwe inapita desibeli 100 bila shida. Kwa hiyo katika kazi ya namna hii kuna kaske ingine, ile ya kuzuia kelele: vikombe viwili, sponji, upinde. Ni ndugu kabisa wa kaske yetu, tofauti haina muziki. Na watu wa usalama wa kazi walijifunza kwamba kinga yenye kubana inavuliwa. Mutu anachoka, jasho linamwagika, anaisogeza kidogo, kisha anaiweka shingoni. Hesabu yake inatisha. Kinga yenye nguvu ya kupunguza desibeli 30, ukiivaa nusu tu ya saa za kazi, imekusaidia kama desibeli 3 peke yake. Nusu ya wakati haikupi nusu ya kinga.

Kwa muziki ni vile vile. Kaske inayobana utaisogeza, utaacha upenyo, kelele itaingia, na kidole kitaenda kuongeza sauti. Inayokaa vizuri inaziba, na unasikia kila kitu kwa sauti ndogo. Ndiyo maana tunakataa wakisema kutafuta raha ya masikio ni mambo ya matajiri.

Namna ya kuipima? Usiivae sekunde mbili mbele ya muuzaji na kusema ni muzuri. Kaa nayo dakika kumi, hata akikunja uso. Sikio lote liingie ndani ya kikombe, lisikaliwe na sponji, na ncha yake isiguse kitu kigumu cha ndani. Fungua kinywa, tafuna, tingisha kichwa. Wenye miwani wavae na miwani yao, maana mikono ya miwani inafungua upenyo na inaumiza kichwa pembeni. Dada zetu wenye kusuka wajaribu na misuko yao, wasijaribu siku wamefumua, juu upinde utakaa mahali pengine kabisa. Uzito nao: gramu 250 inavumilika, ikipita 350 shingo itakwambia. Ngozi ya uongo inaziba vizuri lakini kwa jasho na jua letu la mwezi wa kumi inapasuka na kukuachia vipande vyeusi kwa mashavu. Kitambaa kina hewa zaidi ila kinaziba kidogo. Uliza kama sponji zinatoka na kubadilishwa. Kama zimebandikwa kwa gundi moja kwa moja, kaske itakufa pamoja nazo.

Kuna zile za kufuta kelele kwa umeme. Maikro ndogo inasikia mota, mashini inatoa sauti ya kinyume, zinauana. Bwana Amar Bose wa Marekani aliwaza jambo hilo ndani ya ndege mwaka 1978. Zinafaa kweli kwa mlio muzito wa mota, ambao sponji peke yake haiuzuii sana. Lakini bei iko juu, zinataka kuchajiwa, na umeme wetu munaujua. Kwa mwanafunzi tunapendelea ya waya. Na jina kubwa kwa bei ndogo, hiyo ni ya uongo, hata herufi zikikaa vizuri.

Ukitaka kujua kama pande mbili zinalingana, tafuta nyimbo za zamani za Mwenda wa Bayeke Jean-Bosco, zile Hugh Tracey alirekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Hazikurekodiwa kwa stereo: sauti ni moja, sawasawa kulia na kushoto. Basi inapaswa kusikika katikati ya kichwa chako. Ikiegemea upande, kikombe kimoja ni kizaifu, irudishe. Tena sikiliza kwa sauti ndogo. Alikuwa akipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, na ndani ya kaske inayoziba vizuri utasikia gumba likitembea chini peke yake, na kidole kingine kikijibu juu. Katika spika ya nganda hutasikia ile hata siku moja.

Wazazi wengine wanasema kaske zikatazwe kabisa, eti "batoto habasikie tena tukibaita." Tunawaheshimu, lakini ekutere mbaya inaharibu sikio kuliko kaske muzuri. Pale wana haki ni barabarani. Kaske yenye kuziba inaziba hata honi ya kamio na ya manseba. Ukitembea kando ya njia kubwa, ivue, iweke ndani ya mfuko. Na mwenye sikio linalotoa usaha asiazime wala kuazimisha.

Kama umekwisha kununua na inabana, usiitupe. Panga vitabu mpaka upana wake ufanane na kichwa chako, usipitishe, uivike pale usiku mzima. Asubuhi upinde umelegea kidogo. Rudilia siku mbili tatu. Vitabu vya hesabu vinafaa, ni vinene.