Karago iachiwe matete yake

Mhariri,

Sisi wa Gisenyi tukisema ziwa, tunamaanisha Kivu. Naomba nafasi nimtetee jirani yake mdogo, Karago, huko juu wilayani Nyabihu, ambako huwapeleka wanangu Jumapili zisizo na mvua. Tunachofuata ni ukimya.

Safari iliyopita korongo taji wawili walitua hatua chache tu kutoka tulipokaa tukila mahindi. Mmoja aliinama, akadonoa udongo, akainuka. Taji lake la dhahabu likang'aa juani. Kitinda mimba wangu alisahau hindi mkononi. Ndege huyu, umusambi kwa Kinyarwanda, tangu 2012 ameorodheshwa duniani kuwa hatarini kutoweka.

Lakini mvua ikinyesha, maji ya Karago hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Msitu wa Gishwati ulipofyekwa, milima ilibaki wazi na udongo ukateremka ziwani. Matuta na miti iliyopandwa baadaye imesaidia, sikatai. Hata hivyo niliona viazi vimelimwa karibu kabisa na maji, ilhali sheria ya mazingira ya 2005 ilitaka mita 50 ziachwe. Mita hizo ndizo nyumba ya korongo: hutaga kwenye matete na majani marefu ya kinamasi.

Naomba viongozi wetu wapime upya ukingo huo kabla ya mvua za Septemba, na mkulima atakayepoteza kipande chake asiachwe mikono mitupu. Nasi wageni tusiwakimbize ndege ili kupata picha.

Msomaji wako,
Gisenyi, Rubavu