Umbo la Kuazima, Sauti ya Nani? Funzo la Bendi ya WITCH ya Zambia

Suala la uasili limetushughulisha wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kwa muda mrefu. Kila panapozuka utanzu mpya, aghalabu swali la kwanza tunalouliza si iwapo kazi inayohusika imefaulu kisanaa, bali ni iwapo kazi hiyo "ni yetu". Katika makala haya ninanuia kulijadili swali hilo kwa kutazama nje kidogo ya mipaka ya taaluma yetu, katika historia ya bendi moja ya muziki wa roki kutoka Zambia. Maoni yangu ni kwamba kuazima umbo si kosa la msanii, wala hakuifanyi kazi yake kuwa ngeni. Kosa ni la jamii inayoipokea sanaa hiyo, ikaicheza na kuifurahia, kisha ikaiacha ipotee kwa kutoihesabu kuwa urithi.

Bendi ninayoirejelea ni WITCH. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya mchawi, lakini kwa wanabendi lilikuwa pia akronimu ya sentensi yenye maana ya "tunakusudia kuzusha vurumai". Iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na vijana waliokulia katika miji ya Ukanda wa Shaba, eneo la Kitwe, Ndola na Chingola. Zambia ilikuwa imejipatia uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na shaba iliyochimbwa katika ukanda huo ndiyo iliyoiletea nchi zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya kigeni. Penye migodi palikuwa na mishahara, kumbi za burudani za wachimbaji, redio na santuri kutoka ng'ambo. Vijana hao waliwasikiliza Rolling Stones, Jimi Hendrix na James Brown. Mwimbaji wao mkuu, Emmanuel Chanda, alibandikwa jina la Jagari, ambalo ni jina la Mick Jagger lililotamkwa kwa ulimi wa Kiafrika. Nadhani jina hilo peke yake ni muhtasari wa hoja yangu: limeazimwa, lakini halikubaki lilivyokuwa.

Muziki wao ulikuwa wa saikedelia, mtindo uliochipuka Marekani na Uingereza katikati ya miaka ya 1960. Mtindo huu hunuia kumtoa msikilizaji katika hali yake ya kawaida kwa gitaa la umeme linalokwaruzwa na kuvutwa sauti, kinanda chenye mwangwi, na vipande virefu visivyo na maneno. Nchini Zambia mtindo huo ulichanganyika na midundo ya nyumbani, ukaja kuitwa zamroki. WITCH hawakuwa peke yao. Walikuwapo Amanaz, Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, Chrissy Zebby Tembo, na Paul Ngozi aliyeimba pia kwa Kinyanja.

Ni muhimu tuelewe hali ambamo bendi hii ilijiendesha. Haikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Albamu zake mbili za mwanzo, Introduction na In the Past (1974), zilitolewa na wanabendi wenyewe na kuuzwa katika maonyesho yao. Zaidi ya hayo, Zambia haikuwa bado na kiwanda cha kufyatua santuri, hivi kwamba kanda za wanamuziki wa huko zilisafirishwa hadi hapa Nairobi, zikafyatuliwa, kisha zikarudishwa kusini. Musi-O-Tunya nao waliishi na kufanya kazi nchini Kenya kwa muda katika miaka hiyo. Kwa hiyo tunapoizungumzia zamroki hatuzungumzii jambo la mbali. Sehemu ya historia yake ilipita katika jiji letu, nasi hatuna habari.

Baada ya albamu hizo mbili zikafuata Lazy Bones!! (1975), Lukombo Vibes (1976) na Including Janet (1977). Anayezisikiliza kwa mfululizo atabaini safari ya kisanaa iliyo wazi. Gitaa la albamu za mwanzo lina ukali wa kuigiza, kama mwanafunzi anayetaka kumwonyesha mwalimu kwamba somo limemkaa. Kadiri miaka inavyosonga, midundo ya nyumbani inapata nafasi kubwa zaidi na bendi inapunguza haraka. Umbo lililoazimwa linaanza kupinda kumfuata mwenye kulitumia.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Rais Kenneth Kaunda, ambaye yeye mwenyewe alipenda kupiga gitaa, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaochezwa redioni uwe wa Zambia. Lengo la agizo hilo lilikuwa kukuza utamaduni wa taifa. Hata hivyo, agizo la namna hiyo haliwezi kukwepa swali letu la awali: muziki wa Zambia ni upi? Je, ni ule unaopigwa kwa ala za jadi pekee, au ni wowote unaotungwa na Mzambia? Bendi za roki zilinufaika na agizo hilo, kwani nyimbo zao zilihesabiwa kuwa za nyumbani. Mintarafu ya hili, nathubutu kusema kwamba redio ya Zambia ilikuwa na busara kuliko baadhi ya wahakiki.

Sisi wa Kiswahili tunaujua mjadala huu vyema. Mwaka wa 1974, mwaka uleule uliotoka In the Past, Euphrase Kezilahabi alichapisha diwani ya Kichomi, akatetea katika utangulizi wake ushairi usiofungwa na vina na mizani. Miaka 20 awali, Kaluta Amri Abedi alikuwa ameziweka bayana sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka wa 1954. Wanamapokeo waliushambulia ushairi huru kwa hoja kwamba ni wa kizungu na hauna mizizi kwetu. Leo diwani hiyo inasomwa na kutahiniwa katika vyuo vikuu bila mtu kuomba radhi. Hakuna aliyeutafutia cheti cha kuzaliwa. Umekuwa wa Kiswahili kwa sababu Waswahili wameutumia kusema mambo yaliyowakera.

Tarabu ni mfano mwingine. Inakubalika kwamba muziki huo uliingia Unguja kutoka Misri ukiwa na lugha ya Kiarabu na ala zake. Siti binti Saad aliuimba kwa Kiswahili, na mwaka wa 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi. Leo anayedai kwamba tarabu si ya Waswahili atachekwa Mombasa, Lamu na Zanzibar. Hata istilahi tunazotumia kuutetea ushairi wa jadi, kama vile shairi, bahari na beti, zina asili ya Kiarabu. Tukiamua kukataa kila kilichoazimwa, sijui tutabaki na nini cha kufundisha.

Yamkini msomaji atanipinga hapa kwa hoja nzito: Siti aliibadilisha lugha, ilhali WITCH waliimba kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza. Mgala muue na haki yake mpe. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na siwezi kudai kwamba lugha ni vazi tu. Lugha ya wimbo huamua ni nani anayealikwa na ni nani anayeachwa mlangoni, na mama mzee wa kijijini hakualikwa na nyimbo hizo kama alivyoalikwa kijana wa mjini. Hata hivyo, hoja hii inatuambia jambo kuhusu mipaka ya hadhira ya bendi, haituambii kwamba hadhira hiyo haikuwa ya Kiafrika. Vijana waliojaza kumbi za Kitwe na Lusaka walikuwa Wazambia, watoto wa wachimba migodi, katika nchi yenye lugha zipatazo 70, wakitafuta sauti ya maisha ya mjini ambayo wazazi wao hawakuyajua. Kuuondoa muziki wao katika historia kwa sababu ya lugha ni kuwaondoa wao wenyewe.

Inafaa pia tutazame kilichoiangusha bendi. Laiti ugeni wa umbo ungekuwa ndio sababu, basi wanauasili wangekuwa na haki. Lakini sivyo. Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, muda mfupi baada ya mafuta kupanda bei na mpaka wa Rhodesia kufungwa mwaka wa 1973. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru wa nchi jirani, ikalipa gharama ya ukarimu huo kwa mashambulizi na amri za kutotoka nje usiku, nao wanamuziki huishi kwa usiku. Chanda aliiacha bendi mwaka wa 1977, akageukia ualimu wa muziki, na baadaye akawa mchimbaji wa vito. Waliobaki walifuata mkondo wa disko katika miaka ya 1980. Kisha Ukimwi ukaangamiza wengi wa kizazi hicho cha wanamuziki. Kufikia miaka ya mwanzo ya karne hii, katika safu iliyorekodi albamu za miaka ya 1970 alikuwa amesalia Chanda peke yake.

Sidai kwamba uhakiki ungeweza kuzuia kuanguka kwa bei ya shaba. Ninachodai ni kwamba kifo cha bendi ni jambo moja na kusahauliwa kwake ni jambo jingine. Waliozirejesha santuri za WITCH sokoni hawakuwa wasomi wa Afrika. Ilikuwa kampuni ya Now-Again ya Los Angeles, iliyozitoa upya albamu hizo pamoja mwaka wa 2012. Filamu kuhusu bendi hiyo, ya mwaka wa 2019, iliongozwa na Mwitaliano, Gio Arlotta. Chanda, pamoja na Patrick Mwondela aliyekuwa mpiga kinanda wa enzi ya disko, walirudi jukwaani na vijana wa Ulaya, wakarekodi Zango (2023) katika studio ya DB mjini Lusaka, walikokuwa wamerekodi Lazy Bones!!, kisha wakatoa Sogolo mwaka wa 2025. Nawashukuru waliowezesha hayo. Lakini inasikitisha kwamba mzee aliyeimba Kitwe akiwa kijana alisubiri miongo mitatu na zaidi atambuliwe kutoka ng'ambo.

Je, sisi tumejiandaa vipi? Idara zetu zimefanya kazi ya kusifika katika kukusanya tenzi, mashairi ya jadi na nyimbo za jando na harusi. Lakini nyimbo za Kiswahili za mjini zilizofyatuliwa katika viwanda vya Nairobi hazina nafasi katika silabasi nyingi, kwa kisingizio kwamba gitaa si letu. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa uzamili waruhusiwe na wahimizwe kuandika tasnifu kuhusu nyimbo hizo kama matini za fasihi, wakinakili maneno, tarehe, majina ya watunzi na mahali pa kurekodiwa wakati ambapo mashahidi wangali hai. Pili, chama chetu kianzishe daftari la santuri zilizomo majumbani mwa wazee wetu kabla hazijatupwa.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakubagua mali ya kurithi na mali ya kuazima.