TARUMBETA HALINUKI KWA SABABU NI LA ZAMANI (Sehemu ya 4)

Wazazi wenzangu wa Hombolo! Sehemu ya 3 tuliongelea chupa za maji za shule. Leo nagusa kitu tunachokinyamazia: matarumbeta. Ya kanisani, ya shule, na yale ya kukodi yanayopanda pikapu siku ya harusi.

Mtoto anarudi mazoezini anasema, "Mama, tarumbeta linanuka." Tunamjibu nini? "Hilo la zamani, lilikuwepo kabla hujazaliwa." Wengine wanamwambia akapige mswaki vizuri, kana kwamba kosa ni lake. Naomba tuelewane: shaba haiozi. Kinachooza ni kilichomo ndani.

Kuna nini ndani? Mate ya kila aliyewahi kulipuliza. Lile ni bomba refu lililokunjwa, giza tupu, lina unyevu. Huku kwetu mtoto anakula zabibu au ubuyu, halafu huyo, anashika tarumbeta. Sukari inaingia, mate yanaingia, joto la Dodoma lipo, sanduku linafungwa mpaka Jumapili ijayo. Bakteria na ukungu wanataka nini tena?

Msione nawatisha. Mwaka 2011 watafiti wa Oklahoma, Marekani, walitoa taarifa ya ala 13 za bendi ya sekondari moja. Walipata bakteria zaidi ya 400, ukungu na hamira juu. Mwaka mmoja kabla, madaktari wa hukohuko Marekani walieleza habari za mpiga tromboni aliyekohoa miaka 15. Ukungu na bakteria walikuwa kwenye tromboni yake. Alipoanza kuisafisha, kikohozi kikaisha.

Tusizidishe pia. TB inaenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa, sio kwa kushika chombo. Lakini mafua na vile vidonda vya homa vya pembeni mwa mdomo vinapita kwa mate. Sasa watoto watano, kipande kimoja cha kupulizia, kinafutwa kwa shati. Kijiko hicho ungempa mwanao?

Halafu kuna "dawa" zetu. Pafyumu: unaongeza harufu juu ya uozo. Jiki: inakula shaba, na mtoto anaivuta puani. Mafuta ya taa: jamani, mtoto anaweka mdomo pale! Maji yanayochemka: yanabandua rangi ya juu. Mchanga na steelwire: vinakwaruza, uchafu unapata pa kujishikiza.

Fanya hivi:

1. Chomoa vali na mirija ya kuvuta. Kilichokwama usikilazimishe, mpelekee fundi.

2. Beseni, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo kidogo. Loweka nusu saa. Vali zioshe pembeni, vile vitambaa vyake vilaini visilowe.

3. Funga kitambaa safi kwenye kamba, kivute ndani ya mirija. Usishangae kitakachotoka.

4. Suuza mpaka povu liishe. Kausha kabisa kabla ya kurudisha vali, kisha weka mafuta ya vali, sio ya kupikia.

5. Sanduku nalo lifungue lipate jua. Mara nyingi nusu ya harufu iko kwenye kile kitambaa chake cha ndani.

Kipande cha kupulizia kioshwe kwa sabuni kila siku ya mazoezi, na kila mtoto awe na chake. Kabla ya kupuliza, asukutue mdomo kwa maji.

Najua jibu linalokuja: "Nesi, maji yenyewe ya shida, tena ya chumvi." Kweli. Ila hii kazi ni ndoo chache kwa mwezi. Ukitumia maji ya chumvi, kausha vizuri. Mbona sare za bendi zinafuliwa na kupigwa pasi kila sherehe? Tunang'arisha nje pang'ae kwenye picha, ndani tunamwachia mtoto.

Kwa hiyo mama, na baba pia, kabla hujatoa mchango mwingine wa bendi, uliza maswali mawili: mara ya mwisho yalioshwa lini, na mwanangu anapuliza kipande cha nani? Wakikosa jibu, nendeni Jumamosi na beseni, muoshe pamoja. Na mtoto akikohoa wiki 2 au zaidi, mlete kituoni apimwe, apige tarumbeta asipige.

Sehemu ya 5: filimbi za plastiki na vikombe vya pamoja.