Nyota za Wengine na Shabaha ya Mwanagenzi

Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu za kompyuta kwa shule za msingi na za upili. Si ajabu basi mwanafunzi wa Lunga Lunga akajiunga na zile hafla ambazo washiriki hupewa mada moja na kutakiwa kuunda mchezo wa kompyuta kwa muda wa saa 48 hivi. Sina shaka kwamba ataweza. Kinachonishughulisha ni jinsi atakavyozisoma alama atakazopewa.

Wengi wetu tungeziita hafla hizo mashindano, na jina hilo lapotosha. Global Game Jam, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2009, hujitambulisha waziwazi kuwa si mashindano. Ludum Dare, iliyoasisiwa mwaka 2002, imekuwa ikipima, lakini kwa mtindo wake. Wapimaji ni washiriki wenyewe: huicheza michezo ya wenzao na kuipa nyota, kuanzia moja hadi tano, ubunifu mbali, burudani mbali, michoro mbali, sauti mbali. Mchezo usiofikisha wapimaji wapatao 20 haupangwi katika orodha. Kwa hiyo atakaye kupimwa sharti naye apime. Tena mshiriki aweza kujiondoa katika kipengele asichotaka kupimwa.

Nyota hizo, kwa hiyo, ni wastani wa ladha za watu wasiojuana, na mwanagenzi huwekwa mizani moja na fundi wa miaka kumi. Mwanafunzi wetu hajazoea kipimo cha namna hiyo. Yeye amelelewa na ngazi kama zile nane za mtihani wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, zinazopanda kutoka chini ya matarajio hadi kuzidi matarajio. (Mwenzake wa Horohoro, hatua chache ng'ambo ya mpaka, hupimwa kwa herufi.) Kitenzi “kutarajia” kina mtendaji, nomino “matarajio” imemmeza. Ni nani atarajiaye? Katika mtihani ni mtaala. Katika mchezo ulioundwa kwa siku mbili hakuna aliyetarajia lolote, ila aliyeuunda. Hata hivyo mtoto huyu, akipata nyota mbili na nusu, atasoma “chini ya matarajio”, na huenda asiigusi tena kazi hiyo.

Tuseme ameunda bao, lenye mashimo 32 na kete 64, na maelezo yote kwa Kidigo. Mchezaji wa Brazil, asiyejua kete husambazwa vipi, atampa alama duni za burudani. Alama hiyo si ya uongo: kanuni hazikumfikia. Lakini haisemi kama mwanafunzi alitimiza alichokikusudia.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wamtake mwanagenzi aandike shabaha yake kabla ya saa ya kwanza, kwa sentensi ambayo mtu aweza kuithibitisha kwa macho. “Nitaunda mchezo mzuri” haithibitishiki. “Kete zitasambaa bila kupotea hata moja, na mchezo utakuwa na mwisho” yathibitishika. Hilo la mwisho nalisisitiza, maana wanagenzi aghalabu hushindwa si kwa ubovu wa kazi bali kwa kutoimaliza.

Yupo atakayesema kwamba ajipimaye mwenyewe hujiwekea kamba chini ili airuke. Hoja hiyo ina uzito. Mtoto aweza kuchora mashimo manne akajipongeza. Hapo ndipo wapimaji wa mbali wanapofaa, na zaidi ya nyota zao, maneno wanayoyaandika. Mmoja akiandika kwamba hakujua pa kuanzia, mwanafunzi wetu tayari amepata shabaha ya safari ijayo: kanuni za bao zielezwe kwa sentensi tatu na picha moja, na Kidigo chake kibaki palepale.