Bustani Zivuke Ng'ambo

Tangu ilipofunguliwa upya mwaka 2009, Bustani ya Forodhani haikosi watu jioni. Kazi ile twaipongeza. Lakini Forodhani, Victoria na Jamhuri zote zi upande wa Mji Mkongwe, Vuga na Mnazi Mmoja, ilhali wakazi wengi wa mji wetu wako Ng'ambo. Mama wa Chumbuni mwenye watoto wanne hana budi kulipa nauli ya kwenda na kurudi ili wapate kukaa penye majani na kivuli; akiikosa, wanawe hucheza barabarani. Na viwanja vya wazi vilivyosalia mitaani humegwa, leo kibanda, kesho duka. Twawataka wahusika wavipime na kuvisajili kuwa bustani za umma, zisizo na kiingilio, kabla havijagawiwa.